Kura ya Futi na Mkasi

Machi 4

Mvua imeanza leo, na nimemaliza kitabu cha daktari. Nianze na kitabu, mvua itakuwepo tu.

Daktari ni mrefu, ana huzuni, ana gari. Muuguzi ni yatima, ana nywele. Nywele zinatajwa kila ukurasa, utadhani binti hana kiungo kingine. Daktari anamfokea muuguzi sura kumi nzima, anamdhalilisha mbele ya wagonjwa, halafu tunaambiwa alikuwa akimfokea kwa kuwa alimpenda tangu siku ya kwanza. Mimi niliwahi kuwa na mume. Hakunifokea hata siku moja. Alininyamazia tu, miaka nenda miaka rudi, hata siku aliponipa talaka nilishtuka kusikia sauti yake. Hakuna mwandishi anayeandika ndoa inavyokufa hivyo, na ndiyo maana nawasoma. Hawanikumbushi chochote.

Kama kuna mtu atakayeyasoma haya nikishakufa, asije akadhani nilikuwa mvivu. Kiwandani kwetu tunashona sare za shule, na mimi ndiye msomaji. Nakaa kwenye kiti kirefu katikati ya vyerehani, nasoma riwaya kwa sauti ya kushindana na mashine, na kila mwenzangu ananishonea kola mbili ili kazi yangu ya siku itimie. Tajiri, mwenye kiwanda, anajua na hajali, mradi kola zitoke.

Kabla ya sura ya mwisho nafunga kitabu na kura inapigwa. Je, mwanamume asamehewe? Anayesema ndiyo ananyanyua futi yake ya kupimia. Anayesema hapana, mkasi. Halafu nasoma mwisho, na waliokosea ndio wanaowasha jiko na kuchemsha chai ya wote mpaka kitabu kingine kiishe. Zamani mikasi ilikuwa ikinyanyuliwa. Lakini vitabu hivi vyote husamehe, na hakuna anayependa kupuliza makaa mabichi. Leo futi zote zilikuwa juu, na muuguzi akamsamehe daktari kwenye ngazi za hospitali.

Machi 9

Mvua. Sauti imekauka. Somo, rafiki yangu wa cherehani cha jirani, kasema nimeanza kusoma kama chura mwenye mafua.

Machi 12

Leo tumepata mshindani. Ni Kitinda, binti tuliyemwita hivyo kwa kuwa ndiye wa mwisho kuajiriwa. Ameolewa mwaka jana na fundi umeme. Ni mpole, mishono yake imenyooka, na kwa kawaida humsikii mpaka uzi wake ukatike. Wakati wa chai akasema, "Na mimi kuna kitabu nasoma. Ni cha jirani, hataki kitoke nyumbani kwake. Niwasimulie?"

Tukamwambia simulia, mwanangu, nani kakuziba mdomo?

Binti wa kitabu chake ni mshonaji, na mwanamume anakuja kurekebisha taa dukani kwao. Anamwambia ana mikono mizuri. Wanaoana kabla hawajajuana vizuri. Mambo ya kawaida, lakini Kitinda anasimulia vizuri ajabu, hatii chumvi. Nilimwambia mwandishi wake anajua kuanza. Akafurahi mpaka akainama chini ya meza kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka.

Machi 15

Mume wa Kitinda alimfuata jioni na mwavuli. "Shikamooni mama zangu," akasema mlangoni, akakataa kuingia asije akatuchafulia sakafu. Alimfunika mkewe mwavuli wote, yeye akatembea akilowa. Somo alishika kifua. "Jamani, hawa wanauzwa wapi?" Hata mimi nilitazama mpaka wakakata kona.

Machi 19

Sura ya pili ya kitabu cha Kitinda. Mume hataki mkewe atoke siku za mapumziko, kwa hiyo anaficha viatu vyake vyote, jozi zote, na kumwachia kandambili zake za kiume zinazompwaya. Mke anacheka mwanzoni.

"Wivu huo," akasema Somo. "Mume wangu mimi hata nikitoka uchi ataniambia nirudi na sukari."

Wote tukacheka. Bi Mkasi, mkata vitambaa wetu na mkubwa wetu sote, akasema mwanamume akipenda sana huwa mtoto, ila atakua. Mimi nilitoa maoni yangu kama ninavyotoa siku zote. Nikasema mwandishi huyu ana jicho. Wengine wangeandika kufuli, kitu tulichokwisha kusoma mara mia. Viatu ni kitu kipya.

Machi 21

Kitinda kaja na kandambili za kiume, kwenye tope lote hili. Somo kamwambia kitabu kimemwingia kichwani. Tumemcheka mpaka machozi, na yeye akacheka.

Machi 28

Mvua ya tangu alfajiri. Makaa yameloa.

Kitinda alituletea sura ambayo alisema ni ya kabla ya mwisho. Mume kamvuta mkewe mkono ukawa karibu kutoka mahali pake, kwa sababu mke alichelewa kurudi kutoka kazini. Halafu akalia. Akapiga magoti, akamkanda mkono huo kwa maji ya moto, akaapa. Mke amefunga nguo zake kwenye shuka na amekaa kitandani, hajui afanye nini. "Pigeni kura," akasema Kitinda.

Nilimwambia hicho si kitabu changu, siwezi kujua mwisho. Akasema yeye pia hajaufikia, atausoma kesho, lakini tupige. Basi futi zikapanda, zote. Yangu pia, maana leo sikuwa msomaji na niliruhusiwa. Nilikuwa natazama jiko, si yeye.

"Wote?" akauliza.

"Wote," akajibu Bi Mkasi. "Kalia yule. Akilia sura ya kabla ya mwisho, keshasamehewa."

Kitinda akatazama zile futi moja moja, akashukuru. Alishukuru kwa sauti kabisa, utadhani tumemchangia.

Niandike na maoni yangu: mwandishi anajirudia. Kulia kumekuwa kwingi mno.

Aprili 2

Kitinda hajaja. Tumempa tajiri kisingizio cha homa.

Aprili 5

Hakuna kitabu.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu, na sijui niifuatishe na nini. Kitinda alirudi leo. Alisema aliteleza kwenye tope. Mkono wa kushoto haunyanyuki, anasukuma kitambaa kwa mkono mmoja. Nilimsaidia kuvua sweta lililoloa, na begani, mpaka karibu na kiwiko, nikaona alama za vidole. Si tope linaloshika mtu hivyo. Nikatazama chini, nikaona zile kandambili. Hapo yote yakanijia kwa mpigo, taa, mwavuli, viatu, na mimi nimesimama na sweta mkononi kama mjinga.

Nilikuwa nimemsifu mwandishi kwa habari ya viatu.

Aprili 6

Nilimfuata stoo ya vitambaa, nikafunga mlango. Nikamwambia najua.

Hakubisha. Alikaa juu ya robota la kitambaa cha bluu, akaanza kuvuta nyuzi za pindo la gauni lake.

"Kwa nini ulirudi kwake?" nikamuuliza. "Ulishafunga nguo zako."

"Si mlipiga kura, dada."

"Kura gani? Mwanangu, ile ilikuwa kukwepa jiko! Hakuna aliyetaka kuchemsha chai!"

Akanitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. "Bi Mkasi ana wajukuu. Wewe umesoma vitabu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mimi sina mama wa kumuuliza. Nikasema nyie mtajua. Hata wewe ulinyanyua futi."

Nilimwambia ahamie kwangu, nakaa na shangazi na kitanda kipo. Nilimwambia twende polisi. Nilimwambia nitawaeleza wenzetu, na hapo ndipo alipong'ang'ania mkono wangu. Nikiwaambia hatakanyaga tena pale. Wataanza kumwonea huruma, watamsema mumewe, na mumewe atajua. "Niapie." Nikala kiapo. Akafuta macho na kipande cha kitambaa cha sare, akasema pengine kweli mwisho haujafika, katika vitabu vyangu mwanamume hubadilika karibu na mwisho, si ndiyo?

Nikasema si vyote. Akaniuliza nimtajie kimoja.

Sikuwa nacho.

Aprili 8

Kama hakipo, nitakitunga. Tumeanza kitabu cha mapacha, tajiri wa mashamba na pacha wake mbaya, na binti anayeshindwa kuwatofautisha, upuuzi mtupu. Kitabu kipo mkononi, nafungua kurasa, lakini ninachosoma natoa kichwani. Nimemwondoa pacha mbaya. Kuna mume mmoja tu, anayependa Jumatatu na kuumiza Ijumaa. Kitinda amekaa safu ya mbele, anashona kwa mkono mmoja na kusikiliza.

Aprili 11

Leo binti wangu wa kitabu kapata rafiki mwenye chumba cha ziada. Nimekieleza chumba vizuri, kitanda, pazia, ndoo, dirisha linalofungwa kwa ndani. Somo kapiga miayo. "Hicho chumba kina dhahabu? Mrudishe mwanamume, tumemkumbuka."

Aprili 13

Mvua haikati. Mume wa Kitinda sasa anakuja kumchukua kila siku na anafika mapema, anasimama ng'ambo ya barabara chini ya ule mwavuli. Wenzangu wanampungia mkono. Anawapungia na yeye. Mimi nageuza kiti changu nisimwone, na najua wiki chache zilizopita nilimtazama mpaka kona.

Aprili 16

Nitaandika yote.

Tulifika kabla ya sura ya mwisho. Mume wangu wa kitabu amesimama nje ya kile chumba, analia, anaomba mke afungue. Nikafunga kitabu. Nikamwomba Mungu mkasi mmoja tu, wa mtu yeyote.

Futi zikapanda. Kitinda hakunyanyua kitu, alikuwa anatazama za wenzake. Nikashuka kitini, nikachukua mkasi mkubwa mezani kwa Bi Mkasi, nikaunyanyua mimi.

Kelele zikalipuka. "Msomaji hapigi kura! Keshachungulia mwisho huyo!" Nikarudi kitini na kusoma, yaani kutunga: mke hakufungua. Mume akalia mpaka akachoka, akaenda zake, na asubuhi mke akaenda kazini amevaa viatu vyake mwenyewe, na hakurudi kwake, wala hakujuta. Mwisho.

Halafu Somo akasema, "Kitabu gani hiki? Hakina hata busu. Mimi sichemshi chai kwa kitabu kama hiki."

"Lete hapa," akasema Bi Mkasi, akavaa miwani.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kukidondosha kwenye ndoo ya maji ya kulowekea vitambaa, ilikuwa miguuni kwangu. Nikampa, kwa sababu tangu nianze kazi pale sijawahi kumnyima Bi Mkasi kitu anachokitaka. Akafungua ukurasa wa mwisho, akasogea dirishani penye mwanga, akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Mle ndani tajiri wa mashamba alikuwa amepiga magoti kwenye mvua, na binti alikuwa amemkumbatia, na wameoana upya, na wamepata mapacha.

"Wamesameheana," akasema Bi Mkasi, akavua miwani. "Msomaji katuchezea shere. Chai ni yake."

Kicheko kilijaa kiwanda kizima. Mimi nilimtazama Kitinda na yeye akanitazama. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama wa mtu aliyebebeshwa mzigo mzito na sasa umeshushwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimekula kiapo, na nilikuwa na aibu ya kukamatwa nikidanganya, na nikijipima kwa haki, aibu ilikuwa kubwa kuliko kiapo.

Wakati wa kutoka alinipita mlangoni akaninong'oneza, "Unaona, dada? Hata mwandishi kakukatalia."

Aprili 17

Nimechemsha chai. Kitinda anaimba kwa chini anaposhona.

Aprili 22

Hajaja.

Aprili 23

Hajaja tena, na ng'ambo ya barabara hakuna mwavuli.

Asubuhi nilimweleza Bi Mkasi yote, mezani kwake, mbele ya wote, tangu taa mpaka kandambili. Alikuwa anakata. Alikata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, akaweka mkasi chini, akachukua mtandio wake. Hakuna aliyemwomba tajiri ruhusa. Tulitoka wote, vyerehani vikiwa na nguo chini ya sindano.

Nyumbani kwa Kitinda kufuli lilikuwa kwa nje. Jirani alisema mume ameondoka na begi tangu juzi, na kwamba alisikia kelele lakini ya mke na mume hayaingiliwi. Bi Mkasi alimwambia kama ana nyundo ailete au afunge domo lake. Tulivunja.

Tulimkuta. Sitaandika tulivyomkuta, yeye asingependa. Nitaandika tu kwamba Somo alivua kanga yake akamfunika. Na chini ya kitanda kulikuwa na gunia lililofungwa kwa waya wa umeme. Ndani yake kulikuwa na viatu vyake vyote, jozi zote, vingine vya harusi.

Mimi nilitaka kufa. Naandika hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Aprili 25

Tumemzika. Mvua ilinyesha wakati wote.

Aprili 30

Mume wake kakamatwa kwa dada yake. Wanasema analia usiku na mchana, anagaagaa, anasema alimpenda kuliko roho yake. Naamini analia. Huenda hata alimpenda. Nimesoma vitabu vingi vya watu wa namna hiyo na nilivisifu.

Mei 3

Bi Mkasi alinikuta bombani.

"Ungeniambia," akasema.

"Niliapa."

"Kiapo!" Alifunga bomba, akalifungua tena. "Na mimi nilisoma ukurasa ule kwa furaha. Nilifurahi kukushinda, unajua? Nilikuwa sijashika kitabu siku nyingi, na nikaona nasoma vizuri." Akanawa uso, akakaa hivyo ameinama, maji yakimchuruzika kidevuni. Nilifikiri nitamchukia, nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nikampa kanga yangu ajifute.

Mei 7

Hakuna anayetaka kusomewa. Nimerudi kwenye cherehani. Mishono yangu inakwenda upogo.

Mei 14

Mvua imekata. Jua la leo limekausha ua mzima na tope limekuwa magamba.

Tajiri alikuja akasema kazi imelala, tunachelewesha sare na shule zinakaribia kufunguliwa, na kama hatutaki hadithi atatuletea redio. Alipoondoka, Bi Mkasi akafungua mkoba wake, akatoa kitabu, akakiweka kwenye kiti changu kirefu. Jaladani kuna rubani. Nikapanda. Kila mmoja, bila kuambiwa, akavuta kola zangu mbili.

Rubani ni mrefu, ana huzuni. Binti anafanya kazi uwanja wa ndege, ana nywele. Nilisoma na mashine zikaendelea. Nikafika pale binti anapozungumza na abiria mmoja, na rubani anakuja kwa hasira na kumkamata mkono, kwa nguvu, mpaka vidole vinaacha alama.

Mashine zikasimama. Zote, moja baada ya nyingine, mpaka ya Somo.

"Anaondoka," akasema Bi Mkasi.

Nikamwambia, "Hapa imeandikwa kwamba moyo wake ulidunda—"

"Sikukuuliza kilichoandikwa. Nakwambia anaondoka." Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kukatia kwa mikono yote miwili. "Ana viatu?"

Nikatazama ukurasa. Hakukuwa na neno lolote la viatu.

"Anavyo," nikasema.

"Basi avae."

Nikasoma. Binti akavaa viatu vyake. Akachukua mkoba wake, akampita rubani, akapita mlango mkubwa wa kioo, akapanda gari la kwanza lililotokea. Rubani akalia, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Mwisho?" akauliza Somo.

"Mwisho."

Nikafunga kitabu. Ilikuwa bado asubuhi, hata saa ya chai haijafika, na kurasa mia mbili zilikuwa zimebaki. Hakuna aliyepiga kura. Somo aliinuka mwenyewe akaenda kuwasha jiko. Makaa yalikuwa makavu, yakashika mara moja. Wengine wakarudi kwenye kola, nami nikakaa pale juu na kitabu mapajani, na mashine zikaenda mpaka jioni bila hadithi.